Tourist History ya Two Door Cinema Club, uzoefu wangu

Aisee hii albamu ni ya 2010 na mimi bado naipiga kama imetoka wiki iliyopita. Kwa wasiowajua, Two Door Cinema Club ni jamaa watatu wa Ireland Kaskazini, wanapiga indie pop, yaani pop ya magitaa, na hii ndo albamu yao ya kwanza. Ngoma 10, dakika kama 32 hivi, hakuna ngoma ya kujaza nafasi, labda moja.

Kilichonikamata ni gitaa. Mtu aliyekulia kwenye sebene anajua gitaa ndo linaloita watu katikati, sasa indie nyingi ninazosikiaga gitaa linanung'unika tu huko nyuma na mwimbaji ana huzuni zake, ila hawa hapana, Sam Halliday anapiga nota moja moja kule juu kabisa, nyembamba, haraka, zinakaa kichwani kuliko hata maneno yenyewe, na chini besi ya Kevin Baird inatembea kidisko halafu kiki, ile drams kubwa ya mguu, inagonga tu mwanzo mwisho. Walivyoanza hawakuwa na mpiga drams, biti ilikuwa inatoka kwenye laptop, na kwangu mimi utamu uko hapo hapo, biti imenyooka kama ya klabu, magitaa ndo yanarukaruka. Lebo yenyewe ni Kitsuné ya Paris, watu wa klabu na nguo, na kwenye miksi kuna mkono wa Philippe Zdar, yule wa Cassius, kundi la Wafaransa la muziki wa klabu, kwa hiyo sishangai miguu inavyoitika.

Namba 7 na 8, Undercover Martyn halafu What You Know, zikifuatana hivyo usijaribu kuosha vyombo, utavunja kitu. What You Know inaanza na gitaa peke yake, ukishalisikia utalipiga kwa mdomo siku nzima, majirani watakuchoka.

Kasoro zipo. Mashairi mepesi sana, ukitafuta ujumbe utatoka kapa, na sauti ya Alex Trimble ni tamu ila haipandi haishuki, so ukisikiliza bila umakini ngoma mbili tatu zinaweza kuwa kama moja. Mimi haijanisumbua, sikuja kutafuta mawaidha.

Naipa 8 kwa 10. Ila jamani msiisikilizie spika ya simu, besi yote inapotea mnabaki na kelele za nyuzi tu, alafu mnakuja kusema nimewadanganya.