Nyota nne kwa mashindano ya kuogelea ya watu wazima, Florida (na kanga yangu mbele ya Rowdy Gaines)

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya ratiba. Tuliambiwa kupasha misuli ni saa moja asubuhi na mbio zinaanza saa mbili, nami natoka zamu ya usiku wodini, nikajikaza nikafika. Yadi 50 zangu nikaja kuziogelea saa saba kasoro mchana. Karatasi ya majina ilibandikwa mahali pamoja tu, ukutani karibu na vyoo, herufi zenyewe kama sisimizi. Chakula kilichouzwa pale sikisemi. Beba chako.

Kwa asiyejua: Marekani kuna chama cha waogeleaji watu wazima, U.S. Masters Swimming. Ukishatimiza miaka 18 unaingia, hakuna anayekuuliza kama unajua sana au kidogo. Unalipa uanachama wa mwaka, halafu ada ya kila mashindano. Matokeo yanagawanywa kwa umri, miaka mitano mitano, na waliovuka 90 nao wana kundi lao. Lakini ndani ya maji mashindano madogo kama haya yanakupanga kwa kasi yako tu. Ndiyo maana mimi, mama wa miaka 53 mwenye magoti mabovu, kulia kwangu alikuwapo babu wa miaka 81 na kushoto binti aliyejifungua majuzi.

Sasa hiyo karatasi ya sisimizi. Nimesimama pale, nimejifunga kanga juu ya vazi la kuogelea (wenzangu wana majoho ya taulo, mimi bado wa Tanga), natafuta jina langu kwa kidole, nikasikia mtu anaongea nyuma yangu. Sauti niliijua kabla ya sura. Mwaka 2008 nilikesha nayo, mwogeleaji Michael Phelps akizoa dhahabu nane kwenye Olimpiki ya Beijing, na mtangazaji huyu akipiga kelele hadi mume wangu akaamka kuuliza nani kafa.

Nikageuka. Rowdy Gaines mwenyewe, kandambili miguuni, kofia ya mpira mkononi, kakodolea macho karatasi ileile kama mimi.

Vijana wanamjua kwa utangazaji. Wakubwa wanakumbuka alivyoogelea Olimpiki ya Los Angeles 1984: dhahabu tatu, na mita 100 za mtindo huru alizozimaliza kwa sekunde 49.80. Mimi kichwani ilinijia 1980. Mwaka ule alikuwa na miaka 21, rekodi ya dunia ya mita 200 za mtindo huru iko mkononi mwake, Marekani ikasusia Michezo ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Kenya nao wakasusia. Sisi tulikwenda. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, baba kaiweka redio dirishani ili na majirani wasikie. Filbert Bayi fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui fedha, mita 5000. Mpaka leo Tanzania hatujapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Siku zile sisi tunaruka ruka barabarani, mwenzetu huyu yuko kwao, kasi anayo na pa kuipeleka hana.

Haya yote sikumwambia. Ulimi ulikuwa mzito, na foleni nyuma yetu inasukuma.

Jambo jingine nililoliangalia ni la kazini. Nimeshahudumia wagonjwa wa Guillain-Barré, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia neva. Unaanzia miguuni, unapanda. Nimemlisha kwa kijiko mtu mzima, mwenye ofisi yake na gari lake, analia kwa aibu. Gaines ulimpata 1991, akalazwa kama miezi miwili, na baadaye akarudi kwenye haya haya mashindano ya watu wazima akaweka rekodi za dunia za umri wake. Kwa hiyo wengine wanatoa simu wapige picha, mimi macho yangu yako kwenye vidole vyake vinavyokaza kamba ya miwani. Vidole vyepesi, havitetemeki.

Akaniuliza kanga yangu imeandikwa nini. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, maana asubuhi nilivuta ya juu kabatini bila kusoma: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mwambie hivyo mtu anayekula kwa kusema! Nikamfasiria hivyo hivyo. Akacheka hadi watu wakageuka, akanipa mkono, akaenda zake kupasha. Picha sina. Simu ilikuwa garini.

Mbio zangu zenyewe hazina hadithi ndefu. Miwani niliyoinunua mtandaoni kwa bei ya kutupa ilijaa maji nilipojirusha tu kutoka jukwaani, nikaogelea yadi 25 za kwanza kwa kupapasa kamba ya njia. Kugeuka, nikaupiga ukuta kwa kisigino. Sekunde 44. Yaani yadi 50, ambazo hazifiki hata mita 46, zimenichukua muda ambao Gaines wa 1984 angekuwa anakaribia kumaliza mia nzima. Watunza muda wa njia yangu walinipigia makofi kama nimevunja kitu. Nao ni waogeleaji wanaosubiri zamu, ukimaliza unaombwa nawe ushike saa. Mimi nilishika kwa saa nzima, kidole kikafa ganzi, na ilikuwa raha kuliko kuogelea.

Babu wa miaka 81 alinipita kwa sekunde mbili. Nilipotoka majini nikakuta kanga yangu kitini imelowa chepechepe: alikuwa ameifutia miguu, kadhani ni taulo ya wote.