Tahadhari: muuzaji wa kamera na mikanda ya filamu anayewalenga wapigapicha wa majengo na magari ya zamani

Ndugu zangu mnaopiga picha nyumba za Mji Mkongwe, mitaa ya kale ya Mombasa na Lamu, na zile Bedford na Land Rover za zamani ambazo bado huonekana mara mojamoja barabarani, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja wa kamera na mikanda anayetangaza biashara yake mitandaoni. Simtaji jina, kwa sababu jina lenyewe hubadilika kila malalamiko yanapozidi, na atakayelitafuta jina la mwezi uliopita hatalikuta. Kisichobadilika ni namna anavyouza, nami ninaifahamu kwa sababu wenzetu kadhaa waliouziwa kamera naye wameniletea nizikague.

Utapeli wake unategemea muda. Aliyeuziwa simu mbovu hujua siku hiyohiyo, lakini mwenye kamera ya filamu humaliza kwanza mkanda wa picha 36, huupeleka kusafishwa kwa mmoja wa mafundi wachache waliobaki, kisha husubiri majibu. Muuzaji huyu anaujua muda huo vizuri, ndiyo maana hutoa kwa ukarimu mkubwa dhamana ya siku saba, inayoanza kuhesabiwa siku kifurushi kinapopakiwa kwenye basi. Mnunuzi anapoziona picha zake nyeusi, dhamana imekwisha na namba ya simu haipatikani tena.

Kwa wanaopiga majengo ya kale hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kamera. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na hakuna awezaye kurudi kulipiga tena lilivyokuwa asubuhi ya siku hiyo. Gari la mbao nalo likishauzwa kwa bei ya chuma chakavu, ndiyo basi.

Kamera anazotangaza zaidi ni Pentax K1000, Canon AE-1 na Zenit-E, zote zikiwa na maelezo kwamba zimekaguliwa na zinafanya kazi. Mnunuzi akilalamika kwamba shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye mkanda, haifyatuki, jibu lake halibadiliki: betri imekwisha, nunua nyingine. Kwa Canon AE-1 jibu hilo linaweza kuwa la kweli, kwa kuwa shata yake inaendeshwa kwa umeme. Kwa K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ni uongo mtupu, kwani shata yake ni ya springi na gia tupu, na betri inatumika kwenye mita ya mwanga pekee. K1000 isiyofyatuka inahitaji fundi, si betri. Zenit-E ndiyo haina betri kabisa, kwa kuwa mita yake ni ya seleniamu, inayotoa umeme wake yenyewe ikipigwa na mwanga, nayo huchakaa kwa miaka. Mshale unaweza kuchezacheza mbele ya dirisha na mnunuzi akaridhika, ilhali kipimo chenyewe ni cha uongo. Ipimeni juani mchana kweupe: kwa mkanda wa ISO 100, kitundu cha lenzi cha f/16 na spidi ya 1/125 ndicho kipimo cha kawaida, na mita inayotofautiana nacho kwa hatua mbili au tatu (kila hatua ni mwanga maradufu au nusu yake) si ya kuaminiwa.

Kabla ya kulipa, dai video ya kamera ikiwa tupu, mlango wa nyuma ukiwa wazi, lenzi imeelekezwa kwenye mwanga, na shata ikifyatuliwa kwa kila spidi. Kwenye spidi ya sekunde moja, kwa kamera iliyo nayo (Zenit-E haina), pazia likae wazi kwa sekunde moja kweli, lisikwame. Kwenye spidi ya juu kabisa, 1/1000 au 1/500 kwa Zenit-E, mwanga uonekane kwenye fremu nzima. Upande mmoja ukibaki na giza, basi kati ya mapazia mawili ya shata, la pili linalolifuata la kwanza kulifunga tundu linalifikia njiani, na nusu ya jengo lako itatoka nyeusi. Lenzi nayo imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, kwa sababu unyevu wa pwani huzalisha kuvu ndani ya vioo, inayoonekana kama nyuzi za utando wa buibui, na muuzaji huyu hupiga picha lenzi zake kwa mbele tu, kivulini, ambako kuvu haionekani. Katika video hiyo kiwekwe pia kikaratasi chenye tarehe na jina lako, kwa maana baadhi ya picha anazotumia zimechukuliwa kwenye matangazo ya watu wa nchi nyingine, na kamera yenyewe hajawahi kuishika.

Kwenye mikanda ndiko anakojipatia zaidi, na ndiko nilikoona mambo ya ajabu. Mwenzetu mmoja alipiga mkanda mzima wa lori la Bedford, na uliposafishwa, juu ya boneti ya lori zilitokea sura za watu wa harusi asiyoijua. Mkanda ulikuwa umekwisha kupigwa na mtu mwingine, ukarudishwa ndani ya kopo lake ulimi, yaani ncha ya mwanzo ya mkanda, ukiachwa nje, kisha ukauzwa kama mpya. (Bwana harusi, kwa kweli, alitoka vizuri kuliko lori.) Mkanda mpya huja ndani ya boksi lililofungwa na kikopo chake, na ulimi wake haujakunjwakunjwa wala hauna alama za meno ya gia.

Vilevile anauza Kodachrome, mkanda wa rangi wa zamani wa Kodak, kwa bei ya chini, akiisifia kwa rangi zake. Sifa hizo ni za haki, lakini rangi hizo hazipatikani tena kwa mkanda huo, kwa sababu ulihitaji dawa zake maalumu za kusafishia, ziitwazo K-14, ambazo maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikizitumia, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Leo fundi anaweza kukutolea picha nyeusi na nyeupe tu, tena hafifu. Mikanda mingine ni vipande vya filamu ya sinema vilivyojazwa kwenye makopo ya zamani bila maelezo. Filamu hiyo nyingi ina tabaka jeusi la kaboni mgongoni, na ikitumbukizwa kwenye mashine ya kawaida ya kusafishia mikanda ya rangi, ya C-41, tabaka hilo huchafua dawa na kuharibu mikanda ya wateja wengine. Kama tayari unao mkanda wa namna hiyo, mweleze fundi kabla hajaupokea.

Anayo pia "Leica ya vita", akidai ni ile kamera ghali ya Kijerumani, yenye nembo ya jeshi la Ujerumani na wakati mwingine rangi ya dhahabu. Zote nilizoziona ni kamera za FED au Zorki za Kisovieti zilizochongwa upya maandishi. Kiwanda cha FED kule Kharkiv kilianza kuiga Leica II mwaka 1934, na nakala zake ni kamera nzuri za kufanyia kazi, ila si za kulipiwa bei ya Leica. Ondoa lenzi uchungulie ndani, juu, kwenye kidole kinachoigusa lenzi: Leica halisi ina kigurudumu kidogo cha duara, na FED au Zorki ina kidole bapa.

Kuhusu malipo, hukataa kukutana, hudai nusu ya fedha ili "akuwekee mzigo", na namba anayotoa huleta jina la mtu mwingine pale simu inapokuonyesha mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Jina lisipolingana, simamisha muamala hapohapo. Waliokwisha kutuma fedha watunze jumbe, risiti ya basi na kumbukumbu ya muamala, waitaarifu kampuni ya simu mapema kabla fedha hazijatolewa, kisha waripoti polisi. Walioko Tanzania watume pia namba ya tapeli huyo kwenda 15040, na wasiyafute mazungumzo hata akiwaomba kwa upole, kama alivyofanya kwa wawili miongoni mwa walioniletea kamera.