TAHADHARI: Jamaa wa mbao za mnazi na "mvule wa jahazi" huku Kigamboni

Jamani, yule kaka wa mbao mliyemkuta kwangu siku ya pilau ni tapeli. TAPELI.

Alikuja na kipande cha mnazi, cheusicheusi, kizito kama nondo. Akanipa msumari: "Dada, kwaruza uwezavyo." Nikakwaruza mbele ya wateja, hata alama! Akakimwagia maji, akakifuta kwa kanga yangu mwenyewe, kikang'aa. "Mnazi mzee huu, umeshaacha kuzaa, wajukuu wataukanyaga." Hapo wewe ungekataa? Na mimi si mgeni wa mbao, marehemu baba mnajua randa aliishikaje. Halafu ana adabu: mama kampa shikamoo, adhana ilipolia akaaga akaenda kuswali. Nikamrushia laki tisa kwa simu palepale, ndani yake na vizingiti viwili vya mvule, eti vya jahazi kuukuu.

Mzigo ukaletwa usiku, umeshapakwa vanishi nzito. Fundi akapigilia sakafuni mgahawani kwangu. Mwezi haujaisha, njia ya jikoni hadi kaunta imebonyea, miguu ya viti imechimba vishimo, nyuzi zimechomoka zinachoma watoto nyayo. Kumbe ni mbao za katikati ya gogo! Mnazi ugumu wake uko pembeni, hasa chini ya shina. Moyo wake laini, ukucha unazama. Kanionyesha pembeni, kaniuzia moyo.

Na vizingiti je? Matundu ya misumari katoboa kwa drili. Msumari wa chuma uliokaa na maji ya bahari miaka yote hiyo huacha kutu na weusi kwenye mbao. Haya ndani masafi kabisa, mapya!

Polisi wananiambia lete risiti. Risiti yenyewe kaandika nyuma ya pakiti ya sigara: "mbao, imelipwa." Huyu afungwe, na selo yake itandikwe mbao hizohizo, alale bila godoro. Pesa yangu airudishe yote, na ya fundi, na ya vanishi!

Anayetaka mnazi aangalie kichwa cha ubao, pale ulipokatwa, kabla haujapakwa kitu: vidoa vyeusi vikibanana, mgumu, vikiwa vichache vimeachana, ndio huo moyo. Kila ubao uinue, mwepesi kataa. Usiku usipokee.

Namba yake haipatikani tena. Atakayemwona anipigie saa yoyote, ila msimshtue kwanza, mwacheni aanze kumwaga maji kwenye kipande chake.