Jambiani siku za bamvua: siku tatu ufukweni na mama yangu

Naandika haya kwa anayefikiria kwenda Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, na hasa anayetaka kumpeleka mzazi. Mimi ni muuguzi, naishi Dar es Salaam. Mama yangu ana miaka 67, amelima mahindi, maharage na viazi Njombe maisha yake yote, na mpaka mwezi uliopita alikuwa hajawahi kuiona bahari.

Nilipoanza kutafuta mahali pa kumpeleka, watu wengi walinitajia Nungwi na Kendwa, na kama shida yako ni kuogelea saa yoyote unayotaka, wamesema kweli: kule kaskazini maji hayaendi mbali. Lakini mwenzangu kazini, mzaliwa wa Makunduchi huko kusini mwa Unguja, aliniuliza swali moja tu. "Mama yako ni mtu wa kulala juani au mtu wa shamba?" Nikamwambia wa shamba. Akasema, "Basi mpeleke Jambiani, na mpeleke bamvua."

Hilo la bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, ndilo ninaloomba ulizingatie kuliko yote nitakayoandika hapa. Upande huu wa kisiwa kuna mwamba umepita mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, na kati ya mwamba na nchi kavu bahari ni ya kina kifupi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4, na eneo lote hilo linabaki mchanga, vidimbwi na majani ya baharini. Siku hizo maji hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukienda wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi na kupwa jioni, na hayapwi sana. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba popote, angalia kalenda ya mwezi. Sisi tulifika siku ya mwezi mpevu.

Safari ni rahisi. Boti ya kasi kutoka Dar, safari ya kama saa mbili, kisha daladala namba 309 mpaka Jambiani kwenyewe. Kitambulisho usisahau. Barabara inapita msitu wa Jozani, na mama alipata bahati ya kuona kima punju wawili wakivuka mbele yetu, mgongo mwekundu kama udongo wa kwetu. Toa pesa mjini kabla hujaondoka, maana huku wengi unaonunua kwao wanataka taslimu.

Tulifika saa 10 kasorobo. Maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya ukuta wa nyumba ya wageni, rangi ya kijani ambayo sijaiona Kigamboni wala Kunduchi, na ngalawa zilikuwa zinaingia na matanga yake kupitia mlango wa mwamba, moja baada ya nyingine. Mama alikataa kusogea. Alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, akatazama mpaka jua likazama. Sikumsemesha.

Asubuhi yake, saa 4 na nusu, nilimkuta amesimama palepale. Bahari haikuwepo. Ngalawa zimelala ubavu kila moja imeegemea tengo lake, ule mti wa pembeni, watoto wanacheza mpira pale maji yalipokuwa jana, na mbali kabisa kuna mstari mweupe ambapo mawimbi yanapiga mwamba. Kwenye ule uwanja wote kulikuwa na wanawake, kumi hapa, watano kule, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni. Mama akaniuliza, "Wanapanda nini?"

Ni mwani. Kilimo hiki kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na Zanzibar nzima sasa wakulima wake wengi ni wanawake. Tulitembea kuwafuata, mama na kanga yake, mimi na viatu vyetu vya mpira. Vaa viatu, tafadhali. Kuna wale wadudu weusi wa miiba kwenye vidimbwi, na mwiba wao ukiingia unakatikia ndani. Katika kazi yangu nimeshachokonoa miiba ya namna hiyo kwenye nyayo za watu, na si jambo la kuomba.

Niliwasalimu, "Shikamooni," wakaitikia. Mama kidogo aseme "Kamwene" kwa mazoea, akajirekebisha. Yule aliyekuwa karibu, mtu mzima wa rika lake, alipojua mgeni ni mkulima alinyanyua mkono wote kumwita. "Njoo, bi mkubwa, kamata hapa." Akampa kipande cha mwani kama kiganja, cha rangi ya udhurungi, kinateleza na ni kigumu kidogo ukikibonyeza kama gegedu la sikio. Kamba imevutwa kati ya vijiti viwili vilivyopigwa mchangani, urefu wa hatua tano au sita. Juu ya kamba kuna vikamba vyembamba wanavyoviita taitai, kila baada ya shibiri moja. Unachukua mbegu, unazungusha taitai, unafunga fundo ambalo halikazi sana, maana ukikaza unaukata mwani, na ukilegeza mkondo unauchukua. Mama alifunga la kwanza likafunguka. La pili likashika. Alifunga kamba nzima, mgongo umeinama vilevile kama nimwonavyo kwenye maharage, na hawa wawili wakaanza kuulizana maswali ya watu wa kazi moja. Mnapalilia? Ndiyo, tunaondoa magugu ya baharini yanayojisokota humo. Wadudu? Tasi, samaki, wanaula. Unakomaa lini? Kama wiki sita. Mnauza wapi? Hapo mama akasikiliza kwa makini zaidi, na jibu lilikuwa lilelile la Njombe: mnunuzi anakuja na bei yake.

Alitueleza pia kwamba ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, hauoti tena vizuri kwenye maji haya ya kina kifupi kwa sababu yamezidi joto. Unaoza ukiwa kwenye kamba. Wamebaki na spinosumu, unaovumilia lakini bei yake ni ndogo. Ukitaka kotonii sharti uende maji marefu, na huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa kina mama hawa hawakufundishwa kuogelea. Niliguswa sana na hilo. Ukila aiskrimu au ukipiga mswaki huenda umetumia kitu kilichotoka kwenye kamba kama hizi, maana mwani huu unakaushwa na kusafirishwa ng'ambo, huko wanatoa ute unaotumika viwandani.

Tukiwa tunarudi mama alikanyaga lundo la mawe likatoa harufu kali. Chini yake kuna makumbi ya nazi yaliyofukiwa. Wanayaacha kwenye mchanga wa maji ya chumvi miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha wanayafukua, wanayaponda kwa rungu na kusokota kamba za usumba. Kila lundo lina mwenyewe. Usiyapange mawe upigie picha, na usiyahamishe.

Na hapa niseme jambo ambalo wageni wengi, hata sisi Watanzania wa bara, hatulifikirii. Ule uwanja unaoonekana mtupu maji yakipwa ni shamba la watu. Niliona kijana na mwenzake, sura za mjini, wakipita katikati ya kamba na kukata mbili kwa miguu, hawakugeuka hata kuomba radhi. Ukitaka picha, omba kwanza. Na vaa vizuri. Hiki ni kijiji cha Waislamu, nyumba zimefika mpaka ufukweni, msikiti uko hapohapo. Mama alipenda sana kwamba alipitiwa na watu wasiopungua ishirini asubuhi ile na kila mmoja alimsalimia.

Sasa malalamiko. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa safi, chandarua kizima, maji ya kuoga yapo, na ndiyo maana siitaji jina. Lakini walituuzia safari ya ngalawa kwenda mwambani siku ya tatu, na nilipowauliza saa, wakasema tunywe chai kwanza, tutoke saa 2 na nusu. Mimi nilijua maji yanapwa saa 5 na nusu siku ile. Niliwaambia, wakasema hakuna shida. Nahodha alikuwa anatusubiri ufukweni tangu saa 12 na nusu, hakuna aliyetuambia. Alipotuona alisema kwa adabu kabisa, "Dada, tumechelewa. Tukienda, kurudi tutatembea." Mama alikuwa ameshapanda. Tulikwenda. Kule mwambani tulikaa dakika chache tu, akatuonyesha samaki wa rangi chini ya chombo na mwenzake akavuta dema, mtego wa samaki, lililokuwa na changu wawili na pono, kisha akageuza. Haikutosha. Saa 4 na nusu ngalawa ilikaa juu ya mchanga, bado tuna kama mita 600 za vidimbwi.

Nahodha alimshika mama mkono njia nzima. "Bi mkubwa, kanyaga nilipokanyaga mimi." Alikuwa mbele anapima na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, anazunguka kila jiwe jeusi. Tulifika salama, lakini mtu mwenye magoti mabaya au mwenye kisukari na vidonda vya mguu asingestahili kupitishwa pale, na ingetosha mtu mmoja wa mapokezi kujua mwezi uko wapi. Nilipowaeleza walinirudishia nusu ya pesa. Nusu hiyo nilimpa nahodha. Ushauri wangu: safari ya bahari panga na nahodha mwenyewe, ana kwa ana, jioni ya kuamkia safari, na saa aitaje yeye.

Kwa kuogelea, siku za bamvua una muda kama wa saa nne, mbili kabla ya maji kujaa na mbili baada. Maji ni vuguvugu, hayana mawimbi kwa sababu mwamba umeyazuia, na unaweza kutembea ndani mbali yakiwa kifuani. Mama aliingia mpaka magotini. Alichota, akaonja, akatema, akasema, "Ni chumvi kweli." Alikuwa amesikia hivyo tangu shule ya msingi.

Chakula bora hatukukipata ufukweni. Kiko upande wa barabara, kwenye banda la makuti la mama mmoja anayepika mchana tu. Pweza wa nazi, wali na mchicha. Pweza alikuwa amepondwa vya kutosha kwenye jiwe kabla ya kupikwa, alikatika kwa kijiko, na mchuzi ulikuwa mzito wa nazi iliyokunwa asubuhi hiyo. Tulilipa shilingi 8,000 kila mmoja tukashindwa kumaliza. Mama, ambaye alikuwa ameapa hatakula kitu chenye miguu minane, aliomba aongezewe mchuzi. Ukienda mwezi wa Ramadhani jua kwamba mabanda kama haya hayafunguki mchana, na usile hadharani.

Jioni nenda dikoni, pale samaki wanapoteremshwa, saa ngalawa zinapoingia. Hakuna kiingilio wala mtu wa kukuongoza. Samaki wanamwagwa juu ya jani la mnazi, mnadi anataja bei kwa haraka, wanunuzi wa baiskeli na pikipiki wanajibu kwa kidole. Simama nyuma, usizibe njia ya wanaobeba. Mama alinunua mtungo wa changu wanne nje ya mnada, na yule mama wa banda alitukaangia bila kutudai zaidi ya mafuta.

Zawadi: nunua sabuni ya mwani kwa vikundi vya kina mama wenyewe. Nilinunua vipande vinne, viwili vya mkaratusi na viwili vya karafuu. Nimetumia wiki tatu, mikono yangu inayooshwa mara arobaini kwa siku kwenye zamu imeacha kupasuka. Cha karafuu kina harufu nzuri zaidi lakini kinaisha upesi, kiweke mahali pakavu.

Ufukwe na watu wake nawapa nyota 5. Banda la pweza 5. Nahodha 5. Nyumba ya wageni 3, na itapata 5 siku watakapobandika ukutani karatasi ya saa za maji.

Tuliondoka na daladala ya alfajiri. Juu ya keria kulikuwa na magunia mawili ya mwani mkavu na ndani ndoo ya pweza iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Mwenye ndoo aliomba radhi kwa kutubana. Mama akasogeza miguu, akaishika ile ndoo kwa mikono miwili isiyumbe kwenye kona, akaishika hivyo mpaka Mwanakwerekwe, mjini.