Bomba la hewa moto kwa mashine za kukausha nguo: lipi ununue kwanza

Wenye biashara ya udobi hapa Lubumbashi huuliza bei ya mashine. Bomba la kutolea hewa hulikumbuka mashine zikishafungwa, na hapo hununua lolote lililo karibu. Nayapanga hapa kwa mpangilio ambao ningenunua mwenyewe.

La kwanza ni kila mashine na bomba lake. Ukiwa na mashine mbili au tatu zilizoegemea ukuta wa nje, usitafute lingine.

La pili ni bomba la pamoja la bati la zinki, linalopanuka kila mashine inapojiunga. Hapa ndipo pesa hupotea, maana watu hununua upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Kinachojumlishwa ni eneo la mdomo, si upana wake. Mashine ikiwa na tundu la milimita 200, mbili zinataka bomba la milimita 283, tatu 346, nne 400. Bati lisipungue unene wa milimita 0.4. Matawi yaingie kwa mshazari, digrii 45 au pungufu, yakifuata hewa inakokwenda. Tawi lililopachikwa wima husukuma joto na unyevu kwa mashine ya jirani. Kila tawi liwe na kilango kinachojifunga mashine ikizimwa, na bomba kuu liwe na milango ya kusafishia.

Mwambie fundi wa mabati asiunge kwa skrubu. Niliwahi kufungua bomba la udobi mmoja ambako taulo zilikaa saa nzima na kutoka bado zina unyevu. Kila ncha ya skrubu ilikuwa imeshika manyoya ya pamba, mazito kama sufi ya mto. Huko nje, wavu wa kuzuia ndege ulikuwa umegeuka blanketi la kijivu. Manyoya hayo yakikauka, cheche moja inatosha kuyawasha. Mdomo wa nje uinamishwe chini kwa ajili ya mvua, na wavu usiwekwe kabisa.

La tatu ni bomba la pamoja lenye feni ya kuvuta, kwa jengo ambalo njia ya kutokea ni ndefu. Feni ya dirishani haifai. Manyoya huingia kwenye mota. Nyaya ziungwe ili mashine zisiwake feni ikiwa imezimika. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika, wengi huhamishia mashine kwenye jenereta na kuisahau feni.

Bomba la alumini linalopindika, lenye mikunjo, naliweka mwisho, tena kwa kipande kifupi tu nyuma ya mashine, kwa sababu kila kunjo hukusanya manyoya. La plastiki usilinunue kamwe.

Jambo moja zaidi kabla ya kumlipa fundi: hewa inayotoka lazima ipate pa kuingilia. Wakati wa kiangazi tunafunga madirisha kwa sababu ya vumbi jekundu, na hata bomba zuri hukosa nguvu. Washa mashine zote, funga madirisha, kisha fungua moja. Nguo zikianza kukauka haraka zaidi, toboa ukuta kabla ya kununua feni.