Uzoefu wangu na kitabu cha Jennette McCurdy: usiogope jina lake

Kikwazo cha kwanza ni jalada. I'm Glad My Mom Died, yaani nafurahi mama alikufa, na mwandishi ameshika chombo cha kuhifadhia majivu ya maiti, cha rangi ya waridi, kilichojaa vikaratasi vya sherehe. Ukikifungua ndani ya Coaster ya Moshi kwenda Arusha, jirani atakuuliza kama humwogopi Mungu. Radhi ya mama kwetu si jambo la mchezo. Lakini kifungue. Ndani utamkuta mtoto anayempenda mama yake kupita kiasi, na hapo ndipo panapouma.

McCurdy, anayesimulia humu maisha yake mwenyewe, ndiye aliyeigiza Sam wa iCarly, kipindi cha watoto cha televisheni cha Marekani kilichoanza 2007. Uigizaji aliuanza akiwa na miaka 6, kwa sababu mama yake aliutamani akaukosa.

Kitabu kinaanzia chumba cha wagonjwa mahututi. Mama hana fahamu, watoto wanampa habari njema kwa zamu wakitumaini atazinduka. Zamu ya binti ikifika, anamwambia amepungua hadi ratili 89, kama kilo 40. Hiyo ndiyo habari njema aliyonayo! Kwetu mtu akikonda hivyo anaulizwa anaumwa nini. Yeye alifundishwa na mama huyo huyo kupunguza chakula akiwa na miaka 11, ili mwili usipevuke.

Anasimulia kwa wakati uliopo, kwa akili ya umri aliokuwa nao. Mtoto haoni kosa. Wewe msomaji ndiye unayeliona, na huna wa kumwambia. Kwa hiyo usiruke sehemu ya kwanza, Kabla, yaani kabla ya kifo cha mama. Ukianzia ya pili, Baada, utasoma hasira usiyojua imetoka wapi.

Sura ni 91, nyingi fupi sana, na Kiingereza chake ni chepesi. Wa kidato cha nne atakimudu. Toleo la sauti amelisoma mwenyewe, saa 6 na nusu hivi. Anasoma haraka, punguza kasi kidogo.

Anayepambana na ugonjwa wa kula asikisome peke yake. Kuna namba za uzito na maelezo ya kujitapisha, na mgonjwa huzigeuza namba hizo kuwa lengo. Kwanza azungumze na mtaalamu. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna huduma ya afya ya akili.

Sehemu ya McCurdy kutibiwa ugonjwa huo wa kula ndiyo bora kuliko zote. Mtaalamu wa kwanza, McCurdy anamkimbia, kwa kuwa mtaalamu huyo amethubutu kusema mama alimtesa binti yake. Wa pili anamfundisha kwamba kurudia kosa siku moja ni kawaida. Hatari ni aibu inayofuata, inayomfanya mtu aseme "nimeshaharibu" akaendelea kuharibu. Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka, lakini hapa unaonyeshwa hatua kwa hatua jinsi mtu anavyojizuia asianguke.

Sura za wapenzi zinachosha, na baba anabaki kivuli tu. Nyota 4 kati ya 5.