Heliotropu ya shaba: wiki tatu nayo hapa Tanga

Mimi ni mpima ardhi, mwaka wa 14 sasa, na kazi yangu ya kila siku ni totali stesheni (chombo cha elektroniki cha kupima pembe na umbali) na setilaiti. Heliotropu niliisoma chuoni, nikajibu swali la mtihani, nikaisahau. Mwezi uliopita fundi mmoja anayetengeneza nakala za vifaa vya zamani akaniuzia moja kwa Sh 180,000. Ni ufito wa shaba wenye pete za kulengea, na kioo chenye kitobo katikati, vyote juu ya miguu mitatu.

Kazi yake ni kumrushia mwenzako mwanga wa jua ili theodolaiti yake, yaani darubini ya kupimia pembe, ipate nukta ya kulenga. Aliyeibuni ni Carl Friedrich Gauss, mwaka 1821, akipima Ufalme wa Hanover huko Ujerumani. Inasemekana alikuwa Lüneburg alipoona dirisha la kanisa la Hamburg likimmulika machoni. Enzi hizo ardhi ilipimwa kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele, na baadaye akapima moja yenye upande unaozidi kilomita 100, kutoka mlima Brocken hadi mlima Inselsberg. Mimi nilitaka kuvuka bandari tu.

Mpwa wangu akachukua ngalawa hadi kisiwa cha Toten, mimi nikabaki Raskazone na simu sikioni.

“Mjomba, sioni kitu.”

Nikasogeza kioo.

“Bado.” Kisha kelele: “Mjomba, unanipofua!”

Raha yake siwezi kuieleza. Na kulenga si kugumu kama nilivyodhani: jua lenyewe lina upana wa karibu nusu digrii, hivyo mwanga hutanuka kama mita 9 kwa kila kilomita. Tatizo ni kwamba jua halisimami. Katika dakika 2 hivi limeshasogea upana wake wote, na mwanga umemhama mtu. Geuka uchukue dafu, ukirudi umempoteza.

Lawama yangu ni moja: kifaa kimekuja na kioo kimoja. Asubuhi, ukilenga magharibi, jua liko mgongoni na kichwa chako ndicho kinachotia kivuli. Hapo unahitaji kioo cha pili cha kulipokea jua na kulirudisha kwenye kile cha kwanza. Nilipomwambia fundi, akanipa kioo cha bodaboda! Kimebinuka kile, mwanga wote unatawanyika, mpwa hakuona hata cheche. Kilichoniokoa ni kipande cha kioo bapa cha kinyozi wa jirani, Sh 2,000.

Kwa hiyo nyota 4. Shaba ni nzito, skrubu hazilegei, na nimeelewa pembetatu za wazee wetu wa kazi kuliko mihadhara yote niliyokaa.

Jumamosi tukajaribu makubwa: mpwa juu ya mlima Mlinga huko Usambara, mimi juu ya paa mjini, jua la alasiri liko mbele yangu safi kabisa. Usambara ikajifunika wingu saa 9 na haikujifunua. Nauli ya Muheza bado ananidai.